Moshi wa Bi Mkubwa

Wivu ulimwanzia Fundi Grisi puani, kabla haujafika moyoni. Meli mpya ya kampuni ilipofunga tena kamba gatini, nyuma ya meli yake, alisimama kwenye ngazi akivuta pumzi kutafuta harufu ya mafuta mazito. Hakuipata. Bomba la ile meli lilitoa kitu chepesi kama mvuke wa birika.

"Bi Mdogo kaja, na manukato juu!" mpishi alimtania. "Bi Mkubwa wako akae macho."

Mabaharia ndio waliozibandika meli mbili za kampuni majina hayo. Grisi aliingia kwa Bi Mkubwa akiwa kijana, na sasa alikuwa fundi mkuu mwenye mvi. Fundi mkuu wa Bi Mdogo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye Grisi mwenyewe alimfundisha kushika spana. Hapo ndipo palipouma. Tangu sheria ya moshi ije, kila tani ya hewa ya ukaa iliyotoka kwenye bomba la meli ilitakiwa iwe na kibali, na vibali viliuzwa sokoni kama bidhaa nyingine, bei ikipanda kila uchao. Mizigo minono akapewa Bi Mdogo, anayetoa moshi kiduchu. Bi Mkubwa akaachiwa makombo, pamoja na minong'ono kwamba atauzwa kama chuma chakavu.

Mdogo mtu akapanda, ovaroli nyeupe pee.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kutuonyesha ovaroli?"

Akacheka. "Jenereta yangu moja nimeizima, inatema moshi na kunywa mafuta ovyo. Nozeli ya kunyunyizia mafuta imekufa. Jenereta zetu ni za aina moja, na stoo yangu haina kitu. Nisaidie moja, tunaondoka jioni."

Nozeli mpya ilikuwa kwenye droo pale pale ubavuni mwao, bado imo ndani ya karatasi yake. Grisi alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Sina."

"Hata kuukuu?"

"Nimekwambia sina. Meli ya kizee hii, itakuwa na nini?"

Mdogo wake alipoteremka, Grisi alijisikia vizuri. Acha na yeye atoe moshi, aonje.

Mchana akaja dada wa ofisini anayeshughulikia vibali, kusoma mita za mafuta kama kawaida yake. Grisi hakuzunguka.

"Dada, tunauzwa lini?"

"Nani kakwambia mnauzwa?"

"Nina macho. Moshi wetu mwingi."

"Mwingi mno, fundi. Vibali vyenu viliisha zamani."

"Sasa tunatembelea vya nani?"

"Vya mdogo wako. Bosi ananunua fungu moja la mwaka kwa meli zote mbili. Yeye anabakiza, nyinyi mnamalizia. Hakukwambia?"

Grisi alitikisa kichwa.

"Kila akifika bandarini ananiuliza kama alichobakiza kitamtosha kaka yake. Ila mwaka huu tumebanwa. Akizidisha moshi safari hii, nyinyi vya kumalizia havipo, na bosi haongezi hata kibali kimoja. Hapo ndipo mtauzwa."

Dada akaendelea na mita zake. Grisi alibaki akiitazama droo. Kumbe hata kwa wema alikuwa ameshapitwa, na hilo lilimchoma kuliko ovaroli.

Alivuka gati nozeli ikiwa mkononi. Chumba cha injini cha Bi Mdogo kilikuwa safi kiasi kwamba aliona haya kukanyaga.

"Umeipata!" mdogo wake alisema. Kisha akaona karatasi haijafunguliwa. "Stoo hizi, kaka. Vitu vinajificha."

"Haikujificha. Nipe spana, na usinisimamie kichwani."

Aliifunga mwenyewe. Jenereta ikawashwa, ikanguruma kwa upole, na moshi haukutoka. Grisi alitega sikio akitafuta walau kasoro moja ya kwenda nayo. Hakuipata.

"Inasikikaje?"

"Vizuri," alisema, na neno hilo lilimpita kooni kama mfupa. Akairudisha spana mahali pake. "Sasa nenda taratibu njiani, usikimbize mashine. Unibakizie. Na mimi nina safari."