Mji Ambao Tumpale Hakuutoa

Usingizi unamchukua Tumpale mchana kweupe, kichwa juu ya meza ya chumba cha mapumziko, katika kampuni ya wahandisi iliyo kwenye mji wa baridi, mbali mno na milima ya Rungwe alikozaliwa. Si usingizi wa uvivu. Amesanifu madaraja hapa miaka nenda rudi, na asubuhi hii bosi wake, Henrik, amemwita akamwambia huku anatabasamu: Tumpale, ukuu wa kitengo tumempa Jonas. Bado mgeni, lakini wewe una moyo mkubwa, utamfundisha kazi. Na ile kamati ya kuwakaribisha wafanyakazi wa rangi zote endelea nayo, hakuna anayekuzidi. Tumpale ndiye mweusi pekee kitengoni. Alikuwapo mwingine, Mnigeria aliyeitwa Ngozi, akaacha kazi mwaka jana, na mpaka leo kuna wanaomwita Tumpale kwa jina hilo. Kwao ni kuteleza kwa ulimi tu. Kwake yeye aliyekua akisema Kiswahili, ni kama wanamwita kwa kile hasa wanachokiona. Basi akamjibu Henrik, sawa. Akajitenga humu, moyo ukimdunda kama aliyekimbizwa na mbwa, akainamisha kichwa, kidogo tu.

Na mlango unafunguka wenyewe, nje hakuna ukumbi, kuna barabara. Barabara ya lami iliyolowa, inakwenda, inapinda, inakwenda tena, na kando yake kuna miji ya vioo, mji baada ya mji, na kila mji ni ule ule alioupita. Ndani ya kila ukuta yumo Tumpale. Mmoja anacheka mzaha uliomchoma. Mmoja anapigwa picha ya tangazo la kampuni, geuka kidogo, cheka kidogo. Mmoja anarudia hesabu zilizokwisha kuwa sahihi, asije akasikia mtu akisema, hawa watu ndivyo walivyo. Hakuna hata mmoja aliyekaa. Kaeni chini, Tumpale anawapigia kelele, kaeni chini jamani! Wanamtabasamia, wanaendelea. Anatembea, miguu mizito, na mbele yake anasimama mtu mwenye suti nzuri na uso laini kama ganda la yai, hana jicho, hana mdomo. Karibu, Ngozi, anasema mtu huyo. Mimi ni Tumpale. Ndiyo, Ngozi, mimi ni kiongozi wako wa njia. Kitendawili! Na ulimi wa Tumpale, uliozoea mchezo huu tangu utotoni, unajibu kabla yake: Tega. Nawabeba wote, hakuna anibebaye, anatega kiongozi. Daraja, anasema Tumpale. Hata hakufikiri, atakosaje hilo? Kiongozi anatikisa kichwa pole pole. Umejitahidi, ila tulitarajia ujibu kwa namna nyingine. Nipe mji. Nikupe mji kwa lipi, nimepata! Usikasirike, anasema kiongozi, ukikasirika watu wanakuogopa. Nipe mji. Na pembeni anatokea mwingine asiye na uso, anasema, daraja, na miji yote ya vioo inampigia makofi.

Tumpale amechoka kubishana. Haya, chukua Mbeya, anasema, ili yaishe. Hapo hapo Mbeya inamtoka. Anaitafuta baridi ya asubuhi ya Mbeya, anamtafuta mama aliyekuwa akimuuzia maparachichi pale sokoni, hakuna kitu, ni jina tupu. Barabara inapinda, kiongozi mwingine, au ni yule yule, kitendawili, tega, na jibu lake tena ni zuri, lakini nipe mji. Anaitoa Kyela, na pamoja nayo linaondoka joto la ziwani na harufu ya wali wa Kyela ukipakuliwa. Anaanza kulia kwa hasira, hasira isiyo na pa kwenda. Na sasa wamekuja wengi, wamemzunguka, nyuso laini tupu, wanasema kwa sauti moja: nipe Tukuyu. Tukuyu ndiko aliko mama yake. Siitoi, anasema Tumpale. Wewe una moyo mkubwa, wanasema. Hiyo siitoi! Anakaa chini, katikati ya lami iliyolowa, na katika vioo vyote wale Tumpale wengine wanamtazama, mmoja mmoja wanakaa. Kisha anasema: kitendawili! Viongozi wanasitasita, hawajawahi kutegewa. Semeni tega! Tega, wanasema kwa shida. Wananiita siitiki, nikiitika si mimi. Wanageukiana, uso mtupu kwa uso mtupu. Hamjui, anasema Tumpale, basi nipeni mji, nirudishieni Mbeya yangu. Wanamjibu: suala lako tumelipokea. Anauvurumishia ngumi ukuta wa kioo, kioo hakipasuki, mkono ndio unaouma, unauma kweli kweli.

Anainua kichwa. Meza ile ile, mkono unauma. Anajaribu kumkumbuka yule mama wa maparachichi, sura yake haiji. Mlangoni amesimama Henrik, dirisha la ukumbini liko nyuma yake. Uko hapa, Jonas anakusubiri, anasema. Sitamfundisha, anasema Tumpale, na anashangaa sauti inavyotoka. Moyo wangu ni mgonjwa, nakwenda kwa daktari, na kutoka kwa daktari nakwenda nyumbani kwa mama. Na jina langu ni Tumpale. Nimekusikia, anasema Henrik, suala lako tumelipokea. Tumpale anamkazia macho, anatafuta pua, anatafuta mdomo, mwanga wa dirisha umeumeza uso wote. Hajui kama ameamka. Anachukua koti lake hata hivyo, anampita, anaita lifti. Na anapoisubiri anasema kwa sauti, watu wa ukumbini wakigeuka kumtazama: Tukuyu, mvua ya Tukuyu, matope mekundu, migomba nyuma ya nyumba, mama anakohoa jikoni kwa moshi. Anaogopa kunyamaza. Lifti inafunguka, ndani yake vioo pande zote. Anaingia na kuanza tena: Tukuyu, mvua ya Tukuyu.