Televisheni Iliyorudi kwa Noordin

Kwa miaka thelathini Mzee Ogle alinunua ng'ombe, mbuzi na ngamia katika soko la mifugo la Garissa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumrudisha mnyama hata mmoja kwa aliyemuuzia. Fahali aliyekufa njiani kwenda Nairobi hakumrudisha. Mbuzi aliyegundulika kuwa kipofu alikaa naye nyumbani mpaka mbuzi mwenyewe akafa kwa uzee, akiwa na jina lake na mahali pake pa kulala. Mji mzima uliijua sifa hiyo, na Mzee Ogle aliivaa kama wengine wanavyovaa saa ya dhahabu, mkono wa shati ukiwa umekunjwa ili kila mtu aone.

Kwa hiyo ieleweke mapema kwamba ununuzi wa televisheni haukuwa jambo dogo.

Televisheni ilihitajika kwa sababu ya kanda ya video. Fartun, binti yake wa mwisho, alichukuliwa na shangazi yake kwenda Toronto miaka sita kabla ya hapo, na sasa, mwaka wa tisini na sita, akaolewa hukohuko. Kanda ya harusi ilitoka Kanada mkononi mwa mtu, aliyempa mtu, aliyempa Mursal, dereva wa lori, ambaye aliifikisha Garissa Jumatatu jioni pamoja na barua yenye masharti. Kanda ingekaa kwa wazazi wa bibi harusi mpaka Alhamisi adhuhuri. Baada ya hapo Mursal angeipeleka Hagadera, kwa mama mzazi wa bwana harusi. Mama yule hakuwa na televisheni wala umeme katika kibanda chake cha kambi ya wakimbizi, lakini kuishika kanda mkononi ilikuwa haki yake, na hakuna aliyethubutu kusema vinginevyo.

Rukiyo, mke wa Ogle, aliigeuzageuza ile kanda, akainusa, akaiweka sikioni. Picha pekee ya binti yake aliyokuwa nayo ilikuwa ya pasipoti, ndogo kuliko kiberiti, na ndani yake Fartun alikodoa macho kama mtu aliyekamatwa na askari.

"Nataka kumwona akitembea," alisema. "Miaka sita nimeangalia mtoto aliyesimama. Baba Fartun, umesikia?"

"Nimesikia."

"Alhamisi si mbali."

"Nimesikia, mama Fartun. Kesho nakununulia."

Tatizo lilikuwa kwamba televisheni nzuri Garissa ziliuzwa na Noordin, na Noordin na Ogle walikuwa na mambo yao.

Miaka kumi na moja nyuma, Noordin alikuwa kijana dalali wa mifugo. Alinunua mtamba kwa Ogle, na baada ya siku mbili akamrudisha, akisema anakohoa. Ogle alimpokea yule mtamba bila ubishi, akarudisha fedha, kisha akawageukia watu waliokuwa wakitazama na kusema kwa sauti, "Mpisheni Noordin Celiye apite!" Celiye, yaani Mrejeshaji. Jina likamganda kama kupe. Mwaka haukuisha kabla Noordin hajaacha mifugo na kuanza kuleta redio na televisheni kutoka kwa wafanyabiashara wa Eastleigh. Jina likamfuata mpaka dukani. Hata watoto waliotumwa kununua betri walisema wanakwenda kwa Celiye.

Jumanne asubuhi Ogle aliingia dukani humo na bakora yake, akatoa salamu, akaitikiwa kwa heshima. Televisheni zilikuwa zimepangwa ukutani. Alizikagua jinsi anavyojua kukagua. Alizizunguka nyuma. Alizigonga mbavuni kwa ncha za vidole akisikiliza. Aliinua moja kidogo kupima uzito, akaguna, akainua nyingine.

"Adeer," alisema Noordin, akimwita ami kwa Kisomali, neno la kijana mwenye adabu, "ngoja niziwashe uone picha."

"Usiwashe."

"Utajuaje kama ni nzuri?"

"Warya, wewe Noordin, ng'ombe mgonjwa akinyweshwa maji ya chumvi asubuhi, saa nne anaonekana ameshiba. Mimi namtazama mnyama akiwa na njaa."

Noordin aliweka chini plagi aliyokuwa ameishika. Akauliza televisheni ni ya kazi gani.

"Harusi ya Fartun. Kanda imetoka Kanada."

"Basi chukua hii." Noordin aliweka mkono juu ya televisheni nyeusi, ndogo, ya plastiki. "Imetoka Dubai. Inakubali kanda za nchi zote. Za hapa, za Uarabuni, za Amerika. Wallahi kwa kanda ya Kanada hutapata nyingine dukani humu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika soko la mifugo, mnyama anayesifiwa na muuzaji ndiye anayetakiwa aondoke haraka. Kila mtoto wa Garissa anajua hivyo kabla hajajua kufunga kikoi. Ogle aliitazama ile televisheni nyeusi kwa huruma, kama anavyotazamwa mbuzi mwenye kikohozi. Kisha akaelekeza bakora pembeni, kwenye televisheni kubwa yenye ubavu wa mbao, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo Noordin hakuisema hata kidogo.

"Ile."

"Ile ni nzima, adeer, lakini kwa kanda yako..."

"Ile."

Walipatana bei kwa njia ya sokoni, kwa kuwa Ogle hakujua nyingine. Walishikana mikono chini ya shuka na vidole vikazungumza, kimoja kikibanwa, viwili vikiachiwa, mpaka wakakubaliana bila mtu yeyote kusikia bei. Mkokoteni wa punda ukaipeleka televisheni nyumbani, na Ogle akatembea kando yake, mkono mmoja juu ya ule ubavu wa mbao.

Jumatano akaja fundi Kadar na deki yake mwenyewe ya video, akaunga waya, akapuliza vumbi, akatia kanda ya majaribio. Ilikuwa harusi ya watu wa Wajir wasiojulikana na mtu yeyote pale, lakini rangi zilitoka kali kama pipi. Ogle aliegemea ukuta. Alitaja uzito wa televisheni. Aliutaja mara ya pili.

"Mashallah," alisema Rukiyo. Alikuwa ameoga, amejifukiza udi, amevaa vazi la Idi. "Sasa mtie mwanangu."

Kadar akatia kanda ya Fartun.

Kwanza ilikuja sauti, ngoma na vigelegele. Kisha ikaja picha, na picha hiyo ilikuwa ya kijivu na haikutulia. Ilipanda juu, ikakatika, ikaanza tena chini, ikapanda tena, kama mtu anayevuta pazia lisilo na mwisho. Kuna kitu kilipita, pengine kichwa, pengine sinia la wali.

"Igonge," alisema Ogle.

Kadar aliigonga, kwa adabu tu. Alizungusha vitufe vyote vilivyozunguka. Kisha akachuchumaa karibu na mzee na kushusha sauti.

"Adeer, deki yangu inaisoma hii kanda. Televisheni ndiyo haiwezi. Wanarekodi kwa mtindo wao huko Kanada."

"Ni mbovu?"

"Ni nzima kabisa. Haijasoma tu."

"Haijasoma!"

"Shule ya huko haikupelekwa. Ipo aina inayojua mitindo yote. Sijui kama Noordin anayo..."

Ogle alijua kwamba Noordin anayo. Alikuwa akiiona akilini, nyeusi, ndogo, mkono wa Noordin ukiwa juu yake. Hakumtazama mkewe.

Rukiyo alikuwa amekaa mkekani, uso umeinuliwa kuelekea kwenye ile michirizi. Aliitazama kwa makini, kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa amelowa jasho mgongo mzima. Akatabasamu.

"Nimemwona," alisema.

"Umemwona?"

"Si yule! Anatembea kama mama yangu. Na ile garbasaar yake nyekundu, yaa Allah, mtandio umempendeza. Baba Fartun, umenunua kitu kizuri. Inatosha. Kadar, mwanangu, zima, ukae unywe chai."

Kadar alizitazama kucha za miguu yake. Kwenye kioo hakukuwa na kitu chekundu. Kila kitu kilikuwa na rangi ya majivu.

Ogle alikunywa chai yake bila kuonja. Mke ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kumwachia bila kumbishia hata uzito wa kilo ya sukari alikuwa amemdanganya mbele ya mgeni, kwa upole, ili asiaibike. Angeweza kulikubali. Alikuwa amepewa bure. Ilikuwa ni kukaa tu pale ukutani, Mursal aje kesho, aichukue kanda, na mwenye kusema kuwa Mzee Ogle hajarudisha kitu maisha yake aendelee kusema kweli.

Aliusikia wimbo wa harusi kichwani mpaka alfajiri.

Alhamisi asubuhi aliita mkokoteni. Alitaka kuifunika televisheni kwa blanketi, akalitandaza, kisha akalitoa. Kitu kikubwa kilichofunikwa blanketi kingewafanya watu wadhani anampeleka maiti, na wangemfuata kutoa pole. Ikaenda wazi, katikati ya barabara, saa tatu, wakati madalali wote wanakunywa chai.

"Mzee Ogle!" mmoja alimwita. "Umeanza kuchunga televisheni?"

"Inakwenda kunywa maji," alijibu Ogle bila kusimama. Watatu kati yao waliacha vikombe na kumfuata.

Noordin alikuwa mlangoni. Aliiona televisheni, akamwona mzee, akawaona madalali nyuma yake, na akaelewa yote kwa mara moja. Ingekuwa haki yake kucheka. Watu walisogea ili wasikose.

"Adeer, samahani sana!" alisema Noordin kwa sauti. "Nilitaka nije mwenyewe. Nilikupa televisheni ya mtu mwingine, ya mteja wa Mandera. Kosa ni langu."

Njia ya kutokea ilikuwa imefunguliwa, pana kama lango la boma. Ogle aliiangalia. Alitamani sana kupita.

"Hapana," alisema. "Ulinionyesha ile nyeusi. Uliniambia kweli, na mimi nikadhani unaniuzia mgonjwa, kwa sababu..." Akakohoa. "Yule mtamba wako, Noordin. Alikuwa anakohoa. Nilijua siku niliyokuuzia."

Dalali mmoja aliyekuwa anacheka aliacha.

"Nimerudisha," alisema Ogle, safari hii akiwageukia wao. "Mmeona wote? Mimi, Ogle. Kama Garissa kuna Celiye, ni mimi. Huyu anaitwa Noordin."

Noordin alijikuna kidevu. Alikuwa na mvi chache kidevuni ambazo miaka kumi na moja iliyopita hazikuwepo.

"Hata mwanangu shuleni wanamwita mtoto wa Celiye," alisema hatimaye, taratibu.

"Nitakwenda shuleni."

"Usiende shuleni, adeer." Noordin akavuta pumzi, na kitu usoni mwake kikalegea. "Lete mkono."

Alichukua shuka begani mwa mzee, akalitupia juu ya mikono yao miwili. Madalali walinyoosha shingo kuona shuka litakavyocheza, ili wakisie nyongeza ni kiasi gani. Shuka halikucheza. Chini yake Noordin hakubana kidole hata kimoja. Aliushika tu mkono wa mzee, wote, akaushikilia kwa muda, akauachia.

"Tumepatana," alisema.

Madalali walibishana kuhusu bei hiyo mpaka wiki iliyofuata.

Televisheni nyeusi ilikuwa nyepesi kiasi kwamba Ogle aliona aibu kuipakia kwenye mkokoteni, lakini aliipakia. Kadar alikuwa tayari nyumbani na waya zake. Ilikuwa karibu adhuhuri. Nje lori la Mursal lilipiga honi.

"Mwambie asubiri," alisema Ogle.

Picha ikatokea. Haikupanda wala kukatika. Ukumbi uliojaa watu, mataa, na katikati yao msichana mrefu akitembea polepole kuelekea mbele, kitako kikubwa kidogo kuliko alichoondoka nacho, akicheka na kujizuia kucheka. Kweli alitembea kama bibi yake. Na mabegani, juu ya gauni jeupe la kizungu, alikuwa amejitanda garbasaar nyekundu.

Ogle aliitazama ile garbasaar kwa muda mrefu.

"Nyekundu," alisema.

"Si nilikwambia?"

"Jana hakukuwa na rangi, Rukiyo. Ulionaje?"

"Sikuona kitu. Niliona michirizi." Hakuondoa macho kwenye kioo. "Lakini garbasaar ni yangu. Nilimtilia kwenye sanduku mwenyewe, nikamwambia aivae siku hiyo. Nilijua ataivaa."

"Basi ulinidanganya nusu."

"Nusu tu. Nyamaza, anataka kusema."

Fartun alikuwa amesogezwa mbele ya kamera na watu wanaomsukuma. Alitazama moja kwa moja, hakujua afanye nini na mikono. "Hooyo," alisema, "mama, unaniona?"

"Nakuona," alisema Rukiyo.

Honi ikalia tena, kwa muda mrefu. Kisha mlango ukafunguliwa na Mursal akaingia kwa hasira, akisema Hagadera ni mbali, lori limepakiwa, mama wa watu anasubiri. Aliona kioo. Aliona nyuso zao. Akavua viatu, akakaa mkekani karibu na Kadar.

"Bwana harusi ndiye yupi?" aliuliza.

"Bado," alisema Ogle. "Kadar, rudisha mwanzo. Mursal hajaona anavyotembea."

Kadar akarudisha mwanzo. Ogle akatafuta, chini ya ukingo wa mtandio wa mkewe, mahali mkono wake ulipokuwa, akaushika wote.