Salfa ya Saa Sita Mchana

Naapa kwa mikono yangu yote miwili, na kwa magoti yangu ambayo hayana tena nguvu ya kukimbia uongo: haya mnayoyasoma ni kweli tupu, neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Asiyeamini aende Ziwani akaulize. Wala asichague wa kumuuliza. Amuulize yeyote atakayekutana naye njiani.

Bi Mwanaidi Chilumba alikuwa amestaafu kazi ya kupima korosho. Miaka thelathini na miwili alikaa ghalani Chikongola, akitia mkono kwenye gunia, akitoa konzi, akizikata korosho moja moja na kutangaza daraja lake, huku wanaume wenye malori wakisubiri neno lake kama watoto wanaosubiri matokeo ya darasa la saba. Na pua yake je? Alinusa gunia lililoshonwa akakwambia limetoka kijiji gani, lilinyeshewa siku gani, na kwamba mwenye shamba alikuwa na mafua alipolifunga.

Kustaafu hakukumkalisha bure. Alisoma riwaya za mauaji, zile za zamani, maiti imekutwa sebuleni kwa tajiri, mlango umefungwa kwa ndani, na kila mgeni ana sababu ya kuua. Alizinunua kuukuu kwa muuza karanga wa sokoni. Muuza karanga yule alikuwa na tabia moja: akikosa karatasi ya kufungia, anachana kurasa za mwisho. Basi Bi Mwanaidi hakupata kusoma mwisho hata mmoja. Ilibidi muuaji amtafute mwenyewe. Vitabu arobaini na saba, wauaji arobaini na saba, na anayebisha alete kurasa.

Mwezi wa saba akapata habari kuwa shemeji yake, Mzee Amiri Nampembe wa Ziwani, aliyemwoa marehemu dada yake, amefariki. Akafunga khanga mbili kwenye mkoba akaenda msibani. Alifika siku ya pili ya tanga, maiti imeshazikwa, akakuta msiba umegeuka kesi.

Mzee Amiri alikutwa chini ya mikorosho yake, mashine ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, mgongoni, uso umejaa unga wa njano. Pembeni yake palikuwa na bakuli la ugali wa muhogo. Bakuli lilikuwa la jirani yake, Lucinda, mjane ambaye baba yake alivuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji na kulima hapo Ziwani hadi kufa. Lucinda alikuwa na desturi ya kumpelekea mzee chakula, maana mzee alikuwa mgane, tena hana mtoto. Lakini mwezi uliopita waligombana kidogo juu ya mpaka wa mashamba. Watu wakakumbuka ugomvi, wakasahau miaka ishirini ya ugali. Wakasema muhogo ule ulikuwa mchungu na mama yule hakuuloweka kutoa sumu, kwa makusudi. Polisi wakalichukua bakuli likapimwe mjini, lakini maneno hayakusubiri vipimo. Ikapitishwa kwamba kesho yake, siku ya kuanua tanga, Lucinda ataambiwa mbele ya watu wote aondoke Ziwani.

Bi Mwanaidi alimkuta nyuma ya nyumba yake, anakunja magodoro.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Sijui, Bi mkubwa. Ng'ambo simjui mtu. Mume wangu nimemzika hapa, baba nimemzika hapa. Nitabeba makaburi?"

"Weka godoro chini," akasema Bi Mwanaidi. "Bakuli lilikuwa limeliwa kiasi gani?"

"Afande aliliinua mbele yangu. Lilikuwa limejaa. Tonge halijamegwa."

Bi Mwanaidi akaguna. Mtu kauawa na chakula ambacho hakukila! Hata katika riwaya zake arobaini na saba hakuwahi kukutana na sumu yenye mkono mrefu namna hiyo.

Akarudi msibani akatafuta aliyeikuta maiti. Alikuwa Jafari, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Huko kwao mali ya mjomba hufuata mpwa, kwa hiyo mikorosho mia mbili ilikuwa ikimtazama yeye. Jafari alikulia mjini, aliuza simu, na alikuwa na viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukanyaga tope. Alisimulia kwa machozi, tena kwa ufasaha.

"Saa sita mchana nilisikia mashine ya mjomba inanguruma shambani. Hata majirani waliisikia. Saa saba nikaenda kumwita aje kula, nikamkuta ameanguka, na bakuli la yule mama hapo pembeni. Mjomba wangu alikuwa mchapakazi, Bi mkubwa. Jua lote lile, yeye anapuliza salfa tu!"

"Mungu amrehemu," akasema Bi Mwanaidi, na moyo ukampiga paa! kama korosho mbovu inavyolia chini ya kisu.

Hakumwambia mtu. Akaenda shambani peke yake. Akasimama pale marehemu alipoangukia, akatazama juu. Majani yalikuwa ya kijani, yanang'aa, hayana hata chembe ya njano. Maua vivyo hivyo. Salfa kidogo iliyotoka yote ilikuwa chini, imemwagika mahali pamoja, penye alama ya kichwa cha mtu. Mashine ilikuwa imeegemezwa kwenye shina, akaifunua tangi. Halikuwa limepungua hata vikombe viwili. Akakaa kwenye kisiki akajichekea kimoyomoyo. Mtu wa ghalani kama yeye kuletewa mzigo mbovu kiasi hiki! Ni matusi.

Kesho yake watu wakajaa. Kisomo kikaisha, wali ukaliwa, mikeka ikajaa kutoka barazani mpaka kwenye banda la kuku. Katika riwaya, mpelelezi huhangaika kuwakusanya watuhumiwa ukumbini. Ziwani tanga lilimkusanyia kijiji kizima, wala hakuna aliyethubutu kukosa. Afande Gladness, aliyekuwa akichunguza kesi, naye alikuwepo, kajitanda khanga katikati ya akina mama. Lucinda alikaa mwisho kabisa, karibu na njia.

Mzee mmoja akakohoa ili aanze habari ya Lucinda. Bi Mwanaidi akamuwahi.

"Samahani, wazee wangu. Kabla ya maneno ya watu, tuseme ya mikorosho. Marehemu kaacha miti mia mbili haijaonja salfa, na ubwiri unga, ugonjwa wa maua, hausubiri arobaini. Mrithi ni wewe, Jafari. Utaanza kupuliza lini?"

Jafari akainua kifua. "Kesho hiyohiyo, Bi mkubwa. Nitaamka, nitakunywa chai, jua likishapanda vizuri na majani yakishakauka, naingia kazini. Kama alivyokuwa akifanya mjomba."

Kisha bibi mmoja kizee, asiye na jino hata moja, akashindwa kujizuia akacheka mle mle msibani.

"Majani yakishakauka! Toba!"

"Kwani nimesema nini?" Jafari akauliza.

"Mwanangu," akasema mzee wa jirani, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga msuli, "salfa hupulizwa alfajiri, umande ungali kwenye jani, upepo umelala. Hapo ndipo unga unashika. Ukipuliza mchana jua kali, unawapulizia ndege. Mtoto wa miaka saba hapa anajua."

"Amiri alikuwa akimaliza kabla ya saa mbili asubuhi," akadakia mwingine. "Miaka yote."

Watu wakaanza kutazamana. Bi Mwanaidi aliwaacha wapime wenyewe. Ukaona fikra inatembea mkeka hadi mkeka, mpaka mtu akauliza kwa sauti:

"Sasa saa sita mchana ile mashine ilikuwa imeshikwa na nani?"

"Mie niliiosha maiti," akasema mzee mwingine. "Alikuwa na uvimbe nyuma ya kichwa, mkubwa kama dafu. Nilidhani ni wa kuanguka. Lakini jamani, alikutwa kifudifudi."

Jafari akasimama. Akakimbilia viatu vyake vyeupe, lakini kwenye rundo lile la ndala mia mbili nani angeviona? Alipoinama kutafuta, Afande Gladness alikuwa ameshamshika mkono.

"Nilimwomba tuuze shamba!" Jafari akalia. "Nusu tu! Akanicheka! Nikamsukuma, akajigonga kwenye shina. Sikutaka…"

"Na bakuli?" akauliza Afande.

"Nililikuta mlangoni kwa mjomba."

Akina mama wakageuka, wote kwa pamoja, wakamtazama Lucinda. Bi Mwanaidi akainuka, akamfuata mpaka kule mwisho, akamshika mkono na kumketisha mbele, pale wanapokaa ndugu.

"Mpelelezi!" vijana wakapiga kelele. "Bi mkubwa ni mpelelezi!"

"Mpelelezi ni ninyi," akajibu, na shingo yake ikarefuka inchi nne, nilipima. "Mimi nimeuliza swali moja tu. Aliyemkamata ni mkulima wa korosho wa Ziwani."

Siku ile Ziwani nzima ilitembea kifua mbele. Mtu aliyevaa kandambili zilizokatika alikuwa akitembea kama mkuu wa mkoa.

Hapo nilikuwa nimeshaweka nukta. Nikaona ni adabu kumsomea Lucinda kabla sijampa mtu mwingine. Akanisikiliza barazani kwake mpaka mwisho, akacheka kwenye habari ya pua, akafuta macho kwenye habari ya kuketishwa mbele. Kisha akaniuliza:

"Umeandika watu wakasema muhogo haukulowekwa. Watu gani, Mzee Fadhili?"

"Watu tu, mama. Si unajua watu."

"Watu wana majina. Mimi umeniandika jina, Jafari umemwandika jina. Aliyesema wa kwanza, pale kwenye kahawa, tena kwa kuapa, umemwita nani?"

Nikatafuta miwani yangu. Nilikuwa nimeivaa.

"Pua nakusamehe," akasema. "Wauaji arobaini na saba nakusamehe. Hilo hapana. Kwa hilo nilikunja magodoro yangu."

Basi nimelipa. Faini aliitaja mwenyewe: jogoo wangu mwekundu, ambaye nilimkimbiza kuzunguka nyumba mara tatu kwa magoti haya haya huku yeye kakaa anahesabu mizunguko, na mstari mmoja wa kuandika, alioutaka uwe wa mwisho, na alisimama nyuma ya bega langu, jogoo kwapani, mpaka nikaumaliza: aliyemsingizia Lucinda ni mimi, Fadhili Mkwepu, na nilikuwa muongo.