Faili Zisizo na Majina

Kisanduku kikatokea tena katikati ya kioo cha kompyuta, mara ya kumi na tisa tangu asubuhi. "Faili inayohitajika haikupatikana." Chini yake vitufe viwili: Jaribu Tena na Ghairi. Kipaza alikuwa amejaribu tena mpaka kidole kikamuuma. Alikuwa ameghairi pia, lakini akighairi, kisanduku kinaondoka na programu nzima ya kuandikia, kama mgeni aliyefukuzwa akabeba na kiti.

Na humo ndimo ulimokuwa ushahidi wote. Kurasa arobaini na moja, watu sitini na watatu, wote wa kiwanda cha betri alichofanyia kazi yeye mwenyewe. Watu walivuta vumbi la madini ya risasi mpaka mikono ikatetemeka, na siku waliposhindwa kusimama, ofisi iliandika kwenye kadi zao: ameacha kazi kwa hiari yake. Kwa hiari! Mtu anabebwa kwenye mkokoteni, kadi inasema kwa hiari. Sasa imeundwa tume ya kupitia rekodi zile, na dirisha lake la kupokea nyaraka lilikuwa linafungwa leo, saa kumi alasiri. Ilikuwa yapata saa tano.

"Si uipeleke hiyo hati dukani wakakuchapie?" mkewe alisema kutoka jikoni.

"Dukani!" Kipaza aliruka. "Umesahau orodha ya mgomo? Tuliipeleka dukani jioni, asubuhi meneja anayo mezani. Watu kumi na mmoja wakakuta majina yao getini, wamefukuzwa. Nimewaahidi hawa watu: haya maneno hayatoki humu ndani mpaka nitakapoyakabidhi kwa mkono wangu."

Ilikuwa imepita miaka ishirini na sita. Hakuna aliyesahau, na Kipaza ndiye aliyehakikisha hasahau mtu. Jina lenyewe la Kipaza alilipata getini pale, kwa kupaza sauti hadi kampuni ikalazimika kununua king'ora kikubwa zaidi.

"Basi namwita mdogo wangu," mkewe alisema.

"Nani, Masjala? Mtu aliyekaa miaka thelathini akiwabebea wakubwa wa hospitali mafaili yao?"

Kipaza hakuwa na hamu na makarani. Maneno yale ya kwenye kadi, kwani nani aliyaandika? Lakini mke alikuwa ameshapiga simu.

Shemeji yake alifika na mkoba kwapani, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alisimama mlangoni akamtazama kwanza, raha tupu usoni.

"Shemeji! Nasikia mashine imekugomea. Leo na wewe umeonja?"

"Kejeli utazifanya saa kumi na moja. Kaa hapa."

Akakaa. Akavaa miwani, akavuta daftari, akaufunika mkono wa Kipaza uliokuwa unanyemelea kipanya. "Usibonyeze kitu. Hebu kitokee tena."

"Kitokee? Mimi nataka kife!"

"Kinasema neno, shemeji. Umewahi kukisoma chote?"

Hakuwahi. Chini kabisa, kwa herufi za kijivu ndogo kama mchanga, paliandikwa jina la programu, namba ya toleo, na jina la faili lililokuwa msururu wa tarakimu. Masjala aliyanakili yote, tarakimu moja moja, akirudia kwa midomo. Kisha akavua miwani.

"Umefuta nini?"

"Sijafuta kitu."

"Jumapili ulishinda unafanya usafi humo," mkewe alidakia kutoka jikoni. "Ukasema umekamata majasusi."

Ikabidi aseme. Kompyuta ilikuwa inalalamika nafasi imejaa. Katika kupekua akakuta folda iliyofichwa, na ndani yake mamia ya faili zisizo na majina, namba na herufi tu. Sasa Kipaza, katika maisha yake yote, hakuwahi kukutana na kitu chema kinachojificha na kukataa kutaja jina. Kiwandani wapelelezi wa meneja waliitwa kwa namba. Akazifuta zote, akamwaga na pipa la taka, akala chakula cha mchana kwa hamu.

Masjala alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Shemeji, umeichoma masjala! Kila programu ikiingia humu, huacha karatasi yake pale. Siku ikiharibika kipande, au ikitaka kutoka, inaifuata karatasi ile. Sasa hii yako imeharibika kidogo, inataka kujitengeneza. Rejista inasema karatasi iko rafuni. Inakwenda, rafu tupu. Inarudi inakuuliza. Itakuuliza hadi kiyama. Huyo si adui, ni karani anatafuta faili."

"Na toleo jipya nimeliweka mara tatu, linakataa kwa nini?"

"Jipya linataka kwanza kulitoa la zamani. Na la zamani halitoki bila karatasi yake ileile."

Wiki nzima Kipaza alikuwa amewatukana waliotengeneza kompyuta, waliotengeneza programu, na baba zao. Walistahili, kwa mambo mengine. Kwa hili hawakuwamo.

"Basi futa yote tuanze upya!"

"Kufuta yote ndiko kulikotufikisha hapa."

Kisha akaanza kazi, na Kipaza, ambaye hakuwahi kumtazama mtu wa ofisini akifanya kazi ila kwa kumshuku, akatazama. Kwanza aliinakili ile hati ya ushahidi kwenye flashi, akaiweka flashi kiganjani mwa Kipaza na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Hii haiondoki mkononi mwako." Kisha akainakili rejista yenyewe ya mashine, ili akikosea arudi alikotoka. Ndipo akatafuta, kwenye tovuti ya waliotengeneza mfumo wa kompyuta, kifaa cha kung'oa programu iliyopotewa na karatasi zake. Kikaleta orodha ndefu ya programu na namba zake.

Safu mbili zilifanana kama mapacha. Zilitofautiana tarakimu moja tu, ya mwisho.

"Bonyeza basi, saa nane hii!"

Hakubonyeza. Aliinuka akaenda kunawa uso, akarudi, akasoma daftari upya kana kwamba limeandikwa na mtu asiyemwamini. Kidole kwenye kioo, kidole kwenye daftari. "Siku nilipoharakishwa," alisema bila kugeuka, "ni siku mkubwa mmoja wa hospitali alipotaka faili la marehemu lipotee. Alisema nibandue namba tu, mengine atamaliza yeye."

"Ukafanyaje?"

"Nililiandika kwenye rejista tatu badala ya moja. Akanihamishia chumba cha chini, kule mabomba yanakovuja. Miaka kumi na mmoja. Lile faili lipo mpaka leo."

Miaka yote hiyo Kipaza alikuwa getini akipiga kelele, na huyu alikuwa chini ya ardhi, peke yake, hana king'ora cha kushindana nacho, akilinda karatasi moja dhidi ya mkubwa. Na kila walipokaa meza moja alikuwa akimwita mbeba mafaili.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Uliniuliza lini? Wewe huulizi, shemeji. Wewe unatangaza."

Jikoni mtu aliangusha mwiko kwa kicheko.

Masjala alibonyeza safu ya pili. Ile moja tu. Mashine ikanguruma, ikajizima, ikawaka upya. Akaweka toleo jipya, na mstari wa kijani ukatambaa hadi mwisho bila kuuliza kitu. Kisha akamsogezea Kipaza kipanya. "Fungua mwenyewe."

Kipaza alikishika. Akabonyeza, akasubiri kisanduku. Hakikuja. Likaja jina la kwanza, la mpanga masanduku, halafu la mama aliyekuwa akifunga nyaya, na chini yake maneno yao kama walivyoyasema, wengine kutoka kitandani.

"Karani kama wewe mmoja tu pale kiwandani," Kipaza alisema, sauti ikiwa ndogo kuliko ilivyowahi kusikika nyumba ile, "na kadi zile zisingeandikwa vile."

"Chapisha, shemeji. Utanisifu ukirudi."

Printa ilitema ukurasa wa mwisho saa tisa na dakika ishirini. Kipaza alitoka mbio, bahasha kifuani, viatu havijafungwa kamba.

Saa kumi na dakika tano simu ililia nyumbani. Masjala ndiye aliyepokea.

"Shemeji, wamepokea! Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho dirishani. Wamegonga muhuri."

"Muhuri haunitoshi. Wamekupa namba ya kupokelewa?"

"Wamenipa."

"Isome."

Akaisoma pale barabarani, watu wakimpita huku na huku, tarakimu moja moja, bila haraka. Alipofika mwisho, Masjala akamwambia aisome tena, naye, mtu ambaye hakuwahi kumtii karani yeyote, akaanza upya.