Joho Lina Mwenyewe

Nilipokuwa msichana, mkoa mzima ulikuwa na chuo kimoja tu, mbali na kwetu. Mama, fundi cherehani, alishona majoho ya wahitimu wake, nami ndiye niliyesimama juu ya stuli akipima pindo.

"Haya vua, usilizoee. Lina mwenyewe," alinitania, nikalivua shingo upande.

Kisha chuo kingine kikafunguliwa nyuma ya mtaa wetu, chenye masomo ya jioni. Nikasoma, mama akinilelea mtoto. Jana nilisimama tena juu ya ile stuli, mwanangu akivuta pindo. Mama alipomaliza kupima, nikaanza kulivua kwa mazoea.

"Wewe nawe, unavua nini?" akacheka. "Mwenyewe si ndiye wewe? Hebu tembea tulione."