Kaspar wa Ukurasa wa Sabini

Lurdammal alikimaliza kitabu kwa siku mbili, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko, na karibu kila ukurasa aliusonya. Shule aliishia darasa la nane, lakini kusoma alijua, na upuuzi aliujua zaidi.

Mwandishi mwenyewe, Bwana Sivasankaran wa Chennai, alikaa kwake wiki tatu mwaka juzi. Alikula kaa wake, akatapika ndani ya mashua ya jirani kabla hata hawajavuka mawimbi ya ufukweni, kisha akarudi mjini na madaftari manne. Sasa kitabu kimepata tuzo. Ndani yake wavuvi hawakujua kuzungumza na mtu ila bahari. Waliiita mama, wakailalamikia, wakaingia majini Jumapili asubuhi, wakati kwa kweli saa hiyo kijiji kizima huwa kanisani na hakuna chombo kinachosukumwa. Wanawake kazi yao ilikuwa kukaa mchangani na kulia. Lurdammal, aliyenadi samaki ufukweni hapo miaka ishirini na miwili na kuwanyamazisha madalali kwa ulimi tu, hakumwona humo hata mtu mmoja anayemjua.

Isipokuwa Kaspar. Ukurasa wa sabini, mumewe alikuwemo kwa jina lake, mlevi, akimpiga mkewe kwa kasia, halafu akifa maji. Kaspar wa kweli alikuwa fundi wa injini, mnene, mbishi wa siasa za redioni. Hakugusa pombe tangu aoe. Alikufa kwa maradhi ya figo, kitandani, akiulizia matokeo ya uchaguzi.

"Ni hadithi tu, mama," alisema binti yake Jenova, aliyesomea fasihi chuoni, na ambaye ndiye aliyemleta mwandishi nyumbani. "Mwandishi hubuni."

"Basi angebuni na jina."

Siku ya kukizindua kitabu kijijini, ukumbi wa parokia ulijaa. Sivasankaran, katika shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, alimwita Lurdammal jukwaani amvike shali ya heshima.

"Huyu ndiye mama wa bahari," akatangaza. "Amenifundisha huzuni."

Lurdammal alipanda na kitabu kwapani. Shali aliipokea, akaitupia kitini, akachukua kipaza sauti.

"Huzuni nilikufundisha lini, ndugu yangu? Mimi nilikufundisha kula kaa. Ulikuwa unatafuna na gamba lake."

Watu wakaangua kicheko. Akafungua ukurasa wa sabini, akausoma wote, taratibu. Kicheko kikafa, maana hapakuwa na mtu pale ambaye Kaspar hakuwahi kumtengenezea injini.

"Dada, hii ni sanaa," mwandishi alisema. "Nimewapa watu hawa sauti."

"Sauti tunazo. Kila alfajiri ulilalamika kwamba zinakukatiza usingizi. Ila mtu mnene anayebishana na redio hakukufaa, sivyo? Ulitaka maiti."

Sivasankaran alikunywa maji, akatazama saa, akaondoka kwa mlango wa nyuma kabla ya chai. Lurdammal hata hakugeuka kumtazama.

Walipokuwa njiani kurudi, Jenova alisema, "Mama, yale ya ulevi nilimwambia mimi."

Lurdammal akasimama.

"Siku ya kwanza nilimweleza mwandishi jinsi baba alivyokuwa. Akafunga daftari, akashika simu. Nikaongeza pombe, akalifungua. Nikaongeza kasia."

"Ili akusifu."

"Ili asiondoke."

Lurdammal alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, kama anavyotazama samaki aliyelala juani. "Yule ni mgeni, hakumjua baba yako. Wewe alikubeba mabegani mpaka ukafika miaka saba." Akatangulia.

Wiki nzima hakumsemesha. Alipakua chakula cha mtu mmoja, akaacha sufuria wazi, anayetaka ajipakulie.

Jumapili, baada ya misa, Jenova alimwomba padri kipaza sauti. Akasema yote mbele ya watu, la pombe na la kasia, sauti ikimkatika. Baba yake mdogo aliinuka akatoka nje. Wengine waliguna. Lurdammal alitazama mbele tu, mikono mapajani.

Jenova aliporudi, mama yake akasogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Futa kamasi kwa leso," akamwambia. "Si kwa mtandio wangu."