Hodi Katika Nyumba ya Walowezi

Usingizi unanikamatia pale pale nisipotakiwa kukaa, juu ya kitanda cha walowezi, ndani ya ile kamba ninayowakataza wageni wasiivuke. Nifanyeje? Mchana huu hakuna mtu, mji wenyewe mtaa mmoja katikati ya nyasi, na tangu Jumapili silali, nasubiri simu kutoka nyumbani Machame. Mama hasemi, hali, hafumbui macho. Ndeshi, mdogo wangu, ndiye anayemuuguza. Mimi niko huku ng'ambo nafuta vumbi kwenye nyumba ya mbao ya watu waliokufa zamani, siku hizi makumbusho. Nafumba macho kidogo tu, na kuta zinaanza kuondoka, ubao baada ya ubao, mpaka nabaki barabarani.

Barabara haina mwisho, na kila nyumba pembeni ni nyumba hii hii, kibaraza hiki, bomba la moshi hili, ila za kushoto zimegeuka kama zinajitazama kwenye kioo. Nazipita, nazipita tena, halafu zinanipita zenyewe. Mwanamke mwenye kofia ya kitambaa ananiongoza, na ndani ya kofia hamna uso, pako laini kama shuka iliyopigwa pasi. Namuuliza, mama yangu yuko nyumba ipi? Anasema, yuko kwenye ile ambayo hujawahi kubisha hodi. Ebo! Mama yangu ni mgonjwa, wewe unaniletea vitendawili? Nyasi zinacheka. Basi nabisha. Hodi. Kimya. Naenda nyumba ya pili, hodi wenyewe, kimya, na milango yote iko wazi, wazi kabisa, lakini mtu wa kwetu haingii nyumba ya watu bila kukaribishwa, hata ndotoni miguu inakataa. Jua linashuka huku, linapanda kule. Ukingoja kuitikiwa, anasema yule asiye na uso, utazeeka barabarani, na mama yako atakwenda zake. Moyo unanilipuka. Napaza sauti kwenye mlango ulio mbele yangu, hodiii, nalia waziwazi bila aibu, na ndani nasikia kikohozi ninachokijua.

We Aikande, anasema mama, una wazimu? Tangu lini mtoto akapiga hodi kwao? Nani kakufanya mgeni?

Naingia na viatu vyangu, simuulizi mtu. Yuko kwenye jiko la chuma la walowezi, kajifunga khanga kiunoni, ananitazama juu mpaka chini. Umekonda, anasema, huko hawali? Ananimiminia chai ya tangawizi, kikombe kinajaa hadi ukingoni, nami namwambia, mama usiende, nimechelewa lakini nakuja, nisubiri. Kaa kwanza unywe, anasema. Napiga funda moja, nakaa, na kitanda kinalia chini yangu.

Simu inaita. Ni Ndeshi, analia na kucheka kwa pamoja. Dada, mama kafumbua macho! Kaomba chai, vikombe viwili, na kimoja hataki kiguswe, anasema ni chako, umetoka nje mara moja tu. Dada, kwani uko wapi? Natazama dirishani, upepo unalaza nyasi, au ni migomba ya kwetu, sioni vizuri kwa machozi. Nafungua mdomo nimjibu, ulimi unawaka tangawizi, na sijui niseme niko wapi.